Knesset, Kanisa na Baraza

Juzi, baada ya swala ya alasiri, tulikuwa tumeketi barazani Mji wa Kale, Mombasa, tukinywa kahawa chungu, redio ikataja Knesset, na kijana mmoja akauliza kwa nini Bunge la Israeli huachiwa jina lake la kigeni.

Knesset ni neno la Kiebrania lenye maana ya mkusanyiko. Lilitwaliwa kutoka Knesset HaGdola, yaani Mkusanyiko Mkuu, ambao kwa mapokeo ya Kiyahudi ulikuwa baraza la wazee 120, wakiwamo manabii, walioongoza umma wao baada ya kurejea kutoka uhamishoni Babeli. Ndiyo sababu viti vya bunge hilo ni 120. Wala havikuhesabiwa kwa majimbo kama vyetu, kwa kuwa huko nchi nzima ni jimbo moja la uchaguzi.

Jina hilo lilikuja baada ya kura. Waliochaguliwa tarehe 25 Januari 1949 walikuwa wajumbe wa Bunge la Katiba, wakakutana Jerusalem tarehe 14 Februari, na siku mbili baadaye wakapitisha Sheria ya Mpito iliyolipa bunge jina la Knesset. Katiba waliyotumwa kuiandika haikuandikwa. Zilitungwa sheria za msingi, moja baada ya nyingine.

Lakini lililonishika mimi ni neno kanisa. Sisi tulilipata kwa Waarabu, nao Waarabu walilipokea kutoka Kiaramu, ambako mzizi ule ule wa k-n-s, wenye maana ya kukusanya, ulitaja nyumba ya kukutania waumini. Wayahudi nao hadi leo huliita sinagogi beit knesset, nyumba ya mkusanyiko. Kwa hiyo neno tunalolitamka kila tupitapo Barabara ya Nkrumah, penye kanisa kuu la Wakatoliki, ni ndugu wa jina la bunge lile. Maalim wetu alipolisikia hilo alicheka, akanikumbusha kwamba kwa Kiarabu kanasa ni kufagia na miknasa ni ufagio. Nikamjibu kuwa mfagiaji naye hukusanya, ingawa huo ulikuwa mzaha wa kahawani tu, si elimu ya asili ya maneno.

Kijana akataka kujua kama kuna bunge lililopewa jina la Kiswahili la namna hiyo. Nikamwambia aulize Zanzibar, ambako watunga sheria hukutana katika Baraza la Wawakilishi, kwa neno lile lile tunaloliitia benchi la mawe alilokuwa amelikalia.