Shavu langu lilivyokuwa linakata simu

"Mbona umenyamaza, mwanangu?"

Mama alikuwa Singida, mimi Dodoma, na wala sikuwa nimenyamaza. Nilikuwa namweleza habari za ada ya mdogo wangu. Nilipoitoa simu sikioni nikakuta skrini inawaka na alama ya maiki imepigwa mstari. Shavu ndilo lililobonyeza.

Simu ilikuwa na siku tatu mkononi. Toleo lenyewe ndiyo kwanza limeingia madukani, na kwa kiherehere changu sikusubiri wengine waanze. Nauza bima, kutwa nashinda na simu sikioni. Ndani ya wiki moja shavu liliwasubirisha wateja wawili, na siku moja likamuunganisha bosi katikati ya maongezi yasiyomhusu. Juu ya hayo, chaji ilikuwa inaingia waya ukichomekwa upande mmoja tu. Ukiugeuza, kimya. Sasa Type-C si inatakiwa ikubali pande zote mbili?

Fundi wa mtaani hakutafuta maneno: "Sensa imekufa hiyo. Elfu thelathini na tano." (Alimaanisha kihisi kinachozima skrini simu ikiwa sikioni; mimi nikisikia sensa namkumbuka karani wa 2022 na kishikwambi chake.) Bisibisi alishaishika. Nikamwomba aache, kwa sababu simu ikishafunguliwa nje, waranti ndiyo basi.

Nikaanza kuchunguza mwenyewe. Nilibandua protekta, hali ileile. Nikaiwasha simu bila programu nilizojipakulia, yaani unabonyeza kitufe cha kuzimia kisha unashikilia neno la kuzima mpaka ikuulize kama unataka kuwaka kwa hali salama. Bado shavu linatamba. Ndipo nikasoma vizuri karatasi ya sifa za simu, na hapo nikacheka peke yangu: kihisi alichotaka kunibadilishia fundi hakimo kabisa. Simu nyingi za bei ya kati siku hizi hazina kile kijicho cha infraredi pale juu. Spika ya sikioni hutoa sauti nyembamba mno, sikio la mtu haliisikii, maiki hudaka mwangwi wake, na programu ndiyo inayokisia kama kuna shavu karibu. Programu ikikisia vibaya, skrini inabaki inawaka.

Nikabeba risiti, waya wangu na video niliyorekodi kwa simu ya jirani, nikarudi dukani. Kijana wa kaunta akaja na wimbo wao: "Kairiseti tu, bro." Nikamwambia lete ile ya maonyesho, toleo hilihili, tuweke laini yangu. Tukapiga. Shavu lake mwenyewe likazima maiki. Kisha nikachomeka waya wangu kwenye ile ya maonyesho: upande huu inachaji, geuza, inachaji.

Mabishano yakaishia hapo. Tatizo lililopo kwenye simu zote mbili ni la watengenezaji, hata wakinipa nyingine litanifuata. Lililopo kwa yangu tu ni ubovu wa kifaa changu. Tundu la chaji wakalibadilisha kwa waranti, siku nne, bila hela.

Kipindi hicho nilisoma sana visa vya wengine. iPhone 15 Pro zilipotoka 2023 zilikuwa zinapata joto. Apple wakasema chanzo kimojawapo ni hitilafu ndani ya iOS 17, mfumo unaoendesha simu zao, wakatoa apdeti ya 17.0.3. Lakini Galaxy Note 7 ya 2016 ilikuwa inashika moto kwa sababu ya betri, na hata zilizobadilishwa ziliwaka. Samsung wakaiondoa sokoni. Kwa betri ya namna ile usingoje apdeti, zima simu uirudishe.

Mimi yangu ilikuwa kero tu, nikaizoea. Mteja akishapokea, nabonyeza kitufe cha pembeni skrini inazima huku maongezi yanaendelea. Hakikisha tu kwenye mipangilio hujakiruhusu kitufe hicho kukata simu. Mimi nilikata mbili kabla sijagundua.

Apdeti ilikuja baada ya wiki tano hivi. Maelezo yake yalisema "uthabiti wa mfumo umeboreshwa", basi, shavu halikutajwa. Lakini nilipopiga simu ya kwanza skrini ilizima palepale. Nikiongea nimejilaza bado hupitiwa mara mojamoja, na Mama ameshazoea: kila baada ya dakika mbili anauliza, "Upo?"