Kujifukiza uchi: akili inapata nini chini ya blanketi

Watu wa Mtwara na Lindi wakisikia kwamba Wafini hukaa uchi ndani ya sauna, chumba chenye joto la nyuzi 80 hadi 100, huuliza swali moja: sisi tulio na joto la bure mwaka mzima tutafute nini humo? Swali ni la haki, ila joto la Januari halikupi nafasi ya kupoa. Sauna, na vilevile nyungu yetu ya majani, ni joto lenye mwisho. Utulivu wa akili unapatikana hapo mwishoni, mwili unapoanza kushuka.

Ukiwa ndani hupumziki hata kidogo. Mishipa ya damu inatanuka, mapigo ya moyo yanapita 100 kwa dakika, jasho linatoka. Mwili uko kazini. Ukitoka, mambo yanageuka: moyo unapungua kasi, misuli ya shingo na mabega inalegea, na mawazo yaliyokuwa yanazunguka yanakosa nguvu. Joto la ndani likishuka ndipo usingizi unapokuja kirahisi, kwa hiyo anayelala saa nne usiku ajifukize kwenye saa mbili, asingoje saa nne kasoro.

Kuhusu sonona, mwaka 2016 watafiti wa Marekani walichapisha matokeo ya kuwapasha wagonjwa joto mara moja tu, hadi joto la ndani ya mwili lifike nyuzi 38.5. Waliopashwa kweli walipata nafuu kuliko waliopashwa kwa kuigiza, na tofauti ilionekana kwa wiki kadhaa. Ulikuwa utafiti mdogo, wa watu wapatao 30, kwa hiyo yeyote asiache dawa zake kwa sababu ya sufuria la mchaichai.

Sasa uchi. Sababu ya kwanza haina falsafa yoyote: nguo iliyolowa hushika joto la mvuke na kulibandika kwenye ngozi, nailoni ndiyo mbaya zaidi, na mpira wa chupi huacha alama inayowasha. Sababu ya pili ni ya moyoni. Keon West, mwanasaikolojia wa chuo cha Goldsmiths huko London, amechunguza watu wanaokaa uchi pamoja na wenzao, na ameona kwamba huanza kuiridhia miili yao zaidi, kwa kuwa ile hofu ya kutazamwa na kupimwa na wengine hupungua. Hilo halimlazimishi mtu kuvunja stara. Hata Ufini, sauna za umma kwa kawaida hutenga wanaume na wanawake. Ujerumani ndiko kuchanganyika kulikozoeleka.

Na kwetu jambo hili si geni kiasi hicho. Mama mzazi ndani ya siku arobaini anakandwa kwa maji ya moto na mama yake au bibi yake, mwili wote wazi, tumbo limelegea, maziwa yanavuja. Yule bibi anachovya kitambaa, anakamua, anakanda kiuno huku akizungumza habari za bei ya dagaa. Hashangai chochote. Kwa maoni yangu kule kutoshangaa ni nusu ya dawa. (Aliyejifungua kwa upasuaji asikandwe tumboni.)

Kwa nyungu ya nyumbani, chukua sufuria la lita 6 na maji lita 3, usizidishe nusu. Tia majani ya mchaichai au mkaratusi, funika, acha yachemke dakika 10. Kisha ipua. Jiko la mkaa lisiingie chini ya blanketi wala lisibaki ndani ya chumba kilichofungwa: hewa yake ya sumu haina harufu na inaua. Sufuria likae ndani ya karai pana sakafuni, mbali na miguu kiasi kwamba ukiyumba hulipigi teke. Kaa juu ya kigoda kilichotandikwa khanga, jifunike shuka mbili badala ya blanketi zito, na mfuniko uufungue robo tu kwanza.

Usilinganishe nyuzi za sauna na za mvuke. Hewa kavu ya nyuzi 80 inavumilika kwa sababu jasho linakauka na kukupoza. Mvuke unageuka maji juu ya ngozi na kuachia joto lake lote hapo hapo, ndiyo maana unaunguza mapema. Dakika 10 zinatosha, na maji yakipoa usiyarudishe jikoni.

Mwenye wasiwasi mwingi ana shida yake: giza, moyo kukimbia na pumzi nzito ni dalili zile zile za hofu inayomjia ghafla, na akili yake huzisoma hivyo. Huyo aache kichwa nje tangu mwanzo, shuka zimbane shingoni.

Kusimama ghafla ndiko kunakoangusha watu. Funua, kaa dakika mbili, ndipo uinuke. Jifunge khanga au kikoi, kaa uani hadi jasho likauke lenyewe, halafu oga maji ya kawaida. Miezi ya kusi, Juni hadi Agosti, upepo unafanya kazi hiyo vizuri. Wakati wa kaskazi hewa imejaa unyevu, jasho halikauki, na mtu hubaki na uchovu tu. Dafu ni zuri lakini chumvi yake ni kidogo, kwa hiyo lifuatishe na mchuzi. Pombe kama uraka na gongo, hapana kabisa.

Wanaotumia dawa za akili wamuulize daktari kwanza. Amitriptilini hupunguza jasho, klopromazini na haloperidoli huvuruga namna mwili unavyodhibiti joto, na lithiamu inaweza kupanda kwenye damu hadi ikawa sumu mtu akipoteza maji mengi. Wajawazito na wenye moyo dhaifu nao wasijaribu bila ushauri.

Na asijifukize mtu peke yake nyumbani. Awepo wa kukaa nje ya mlango, amwite kila baada ya dakika tatu. Asipoitika, aingie amfunue.