Tarakimu 20 gizani

Jana usiku umeme wa luku uliisha, nikanunua kwa simu. Tokeni ikaja: tarakimu 20 zimebanana kama abiria wa daladala, hakuna hata nafasi moja. Nasoma sita, nainua macho kwenye mita, nabonyeza nne, mbili zimeshayeyuka. Mara ya tatu binti yangu akachukua kalamu, akaziandika kiganjani nne nne. Zikaingia mara moja!

Mwanasaikolojia George Miller aliandika mwaka 1956 kwamba akili hushika kwa muda vitu saba hivi. Mwaka 2001 mwanasaikolojia mwingine, Nelson Cowan, akavishusha hadi vinne hivi. Sasa aliyetengeneza ujumbe ule alishindwa nini kuweka nafasi nne tu? Na simu ilibaki na chaji asilimia tatu, jamani.