Mama alikuwa hasikii harufu, na hakujua

Mama anakaanga samaki hapa Busia, upande wetu wa Uganda, tangu mimi sijazaliwa. Ngege wanafika alfajiri kutoka Majanji, na kabla hajalipa humfunua samaki mashavu, akainama, akanusa mara moja tu. Akisema huyu ni wa jana, basi ni wa jana. Wachuuzi hawabishani naye.

Mwezi wa nne mteja wake wa miaka mingi alimrudishia samaki. Alimwita pembeni kwa heshima: "Mama, huyu ameharibika." Mama akamnusa palepale, akasema hana kitu. Mimi nilikuwa nimesimama hatua tatu kutoka kwao na harufu ilishanifikia.

Nyumbani nilimuuliza kama pua ina shida. Alikasirika. Akafungua kikopo cha dawa ya kuchua, akanusa, machozi yakamlenga. "Unaona? Nasikia!"

Hapo ndipo wengi wanapodanganyika. Mentholi, amonia, pilipili na kitunguu kinapokatwa huwasha pua kupitia mshipa mwingine wa fahamu, ule unaohisi mguso na maumivu usoni. Hata aliyepoteza harufu kabisa bado atashtuka. Na kumuuliza mtu tu hakutoshi. Harufu ikipungua polepole mwenyewe hana habari, maana chumvi na sukari ulimi bado unazipata.

Vipimo vya kitaalamu vipo. Kile cha Chuo Kikuu cha Pennsylvania, Marekani, cha tangu miaka ya 1980, kina harufu 40 kwenye karatasi: unakwaruza, unanusa, unachagua jibu moja kati ya manne. Wajerumani wana kalamu zenye harufu badala ya wino. Ni vipimo vizuri, ila kile cha Marekani kina harufu ya pizza. Mama akiikosa hiyo, nitakuwa nimejua nini? Nilitaka vitu ambavyo pua yake imevizoea maisha yote.

Nikatafuta vikopo vitano safi: kahawa ya Mlima Elgon iliyosagwa, karafuu, maganda ya ndimu, samaki mkavu, na cha tano nikakiacha kitupu. Hicho kitupu usikisahau, ndicho kinachomfichua anayebahatisha. Nikamfunga kitambaa machoni. Tundu moja la pua kwanza, lingine limezibwa kwa kidole, halafu tunabadilisha.

Kahawa: "Hakuna." Ndimu: "Hakuna." Kwenye kitupu akasema, "Huyu samaki." Samaki mwenyewe alipofika chini ya pua yake, Mama alinyamaza muda mrefu, vidole vimeshika ukingo wa meza. Kisha akavua kitambaa, akatazama ndani ya kikopo. Sijawahi kumwona ameogopa hivyo.

Daktari wa pua alimmulika akitafuta vinyama vinavyoota na kuziba, havikuwepo. Akauliza kama amewahi kuumia kichwa, akaitazama mikono yake, kwa kuwa ugonjwa wa Parkinson unaweza kuondoa harufu miaka mingi kabla mikono haijaanza kutetemeka. Mwishowe tukarudi kwenye mafua makali ya mwezi wa kwanza. Virusi huumiza sehemu ya juu ndani ya pua inayopokea harufu. Seli zake huota upya, lakini taratibu.

Akampa mazoezi ya kunusa: waridi, mkalitusi, ndimu na karafuu, kila kimoja sekunde kama 20, asubuhi na jioni, kwa miezi mitatu au zaidi. Mafuta ya waridi niliyapata kwa muuza manukato. Sasa mdogo wangu ndiye anayenusa samaki alfajiri, na mtungi wa gesi naufunga mimi kila usiku, kwa sababu ile harufu inayotiwa kwenye gesi ili ituonye, Mama haimfikii.

Wiki ya saba, kwenye karafuu, alisita. "Kuna kitu. Sijui ni nini, lakini kipo." Nikamfunga kitambaa, nikampa kikopo kitupu. "Hiki hakina." Karafuu tena: "Hiki kinacho." Nikavichanganya, nikarudia mara sita. Hakukosea hata mara moja.