Friza ya Mama na Daftari la LUKU

Katika nyumba yetu ya Kitangiri, hapa Mwanza, kuna friza ya kulala ambayo mama yangu aliinunua mwaka 1989, na mwezi uliopita friza hiyo ilizua mjadala uliochukua siku tatu na kugusa vizazi vitatu vya familia. Mama, ambaye sasa ana miaka 74, anashikilia kwamba friza ya namna ile haitatengenezwa tena. Binti yangu wa miaka 20 anashikilia kwamba chombo kile kinakula fedha za nyumba usiku na mchana, na kwamba tunakiheshimu kwa sababu ya kumbukumbu tu. Mimi nilianza nikiwa upande wa mama, na sikubaki hapo, ingawa sikuhamia kwa binti yangu moja kwa moja.

Ni lazima nieleze kwanza friza hiyo ilifanya nini. Kwa zaidi ya miaka kumi mama aligandisha maji ndani ya mifuko ya nailoni na kuwauzia barafu wachuuzi wa samaki waliopita alfajiri wakielekea Mwaloni, Kirumba. Barafu ile ndiyo iliyohifadhi sato na sangara wao hadi wafike sokoni, na fedha zake ndizo zilizotulipia ada sisi wanne. Kwa hiyo mama anaposema kwamba friza ile ni nzuri, anazungumzia chombo ambacho hakikumwangusha katika miaka ambayo kuangushwa kungemaanisha mtoto kurudishwa nyumbani kwa kukosa ada.

Kizazi chake kilijifunza kununua vitu katika mazingira ambayo binti yangu hawezi kuyafikiria kwa urahisi. Mpaka wetu na Kenya ulifungwa mwaka 1977, mwaka uliofuata vikaanza vita vya Kagera, na kwa miaka kadhaa hata sabuni na sukari vilipatikana kwa foleni. Bidhaa za nje zilipoanza kuingia kwa wingi zaidi baada ya mwaka 1984, mtu aliyekuwa na mshahara wa kawaida alinunua friji au friza kama anavyojenga nyumba, yaani mara moja, baada ya kujinyima kwa muda mrefu, akitarajia kuiachia familia. Vipimo vyake vilitokana na hali hiyo. Mama hugonga bati kwa kifundo cha kidole ili asikie kama ni zito, huinua kifuniko ili apime uzito wa bawaba, kisha huuliza kimetengenezwa wapi, na jibu likiwa Japani au Ujerumani uso wake hulegea.

Nyanya yangu, aliyemzaa mama, alikuwa na kipimo kikali zaidi. Cherehani yake ya Singer ya kukanyaga kwa mguu, ambayo sasa iko chumbani kwangu, ilitengenezwa Clydebank huko Uskoti. Kiwanda hicho kilifungwa mwaka 1980, na cherehani bado inashona. Nyanya hakuwahi kuisifu kwa sababu haiharibiki. Alisema ni nzuri kwa sababu ikiharibika yeye mwenyewe anajua ilipo shida: mkanda umelegea, sindano imepinda, au inataka mafuta. Nilikuwa mdogo na sikuyapa maneno hayo uzito wake. Nitayarudia.

Binti yangu hakubishana na bibi yake kwa maneno. Alichukua daftari, akazima kila kitu ndani ya nyumba isipokuwa friza, akasoma mita ya LUKU, ile ya umeme wa kulipia kabla, saa moja jioni, kisha akaisoma tena saa moja jioni ya siku iliyofuata. Friza ilikuwa imetumia uniti 4.4. Alikwenda Buhongwa kwa shangazi yake, mwenye friza ya ukubwa unaokaribiana na huo ambayo haijatimiza miaka mitatu, akafanya vivyo hivyo, akapata uniti 1.6. Mama alipinga, na alikuwa na haki ya kupinga, kwamba siku ile friza yake iligandisha maji mapya na ile ya shangazi ilikuwa na samaki waliokwisha kuganda. Hata hivyo, tofauti ilikuwa kubwa mno kuelezwa na maji peke yake. Uniti 4.4 kwa siku ni uniti 132 kwa mwezi, wakati mteja wa nyumbani anayetaka kubaki katika kundi la bei nafuu hatakiwi kuzidi wastani wa uniti 75 kwa vyombo vyote alivyo navyo. Friza moja ilikuwa imetutoa katika kundi hilo bila sisi kujua, kwa sababu zamani bili ilikuja mwisho wa mwezi ikiwa imechanganya kila kitu, na baadaye tulipoanza kununua umeme kwanza hatukujisumbua kuuliza nani anaumaliza.

Sababu yenyewe si ngumu. Nilibana noti kati ya mpira wa kifuniko na mwili wa friza, nikaifunga, nikaivuta noti, ikatoka bila kukwaruza. Mpira umekauka na hewa ya joto inaingia. Povu lililo ndani ya kuta nalo huzeeka na kunyonya unyevu, na kompresa, yaani pampu inayosukuma gesi ya ubaridi, hulazimika kufanya kazi karibu muda wote. Gesi yake ni ile ya R12, jamii ya gesi zinazoharibu tabaka la ozoni, ambazo Mkataba wa Montreal wa mwaka 1987 uliweka utaratibu wa kuziondoa na ambazo nchi zinazoendelea zilipaswa kuacha kuzitumia ifikapo mwaka 2010. Kila mara friza ile ilipovuja na kujazwa upya tulikuwa tukipeleka hewani kitu ambacho dunia ilikwisha kubaliana kukikomesha. Jambo hili lilinihuzunisha kuliko hesabu ya umeme.

Kisha nilimwomba mama anitajie kila chombo alichonunua katika miaka ile ile. Tulikaa barazani tukahesabu: redio mbili, feni, pasi ya umeme, pasi ya mkaa, jiko la mafuta ya taa, friji ndogo ya kabla ya friza, birika la umeme, na vinginevyo, hadi vikafika kumi na kimoja. Vilivyopo leo ni vitatu. Feni iliungua mota mwaka wake wa pili. Friji ndogo ilikufa kabla sijaanza shule. Hivi vilivyokufa vilichukuliwa na wanunuzi wa vyuma chakavu, na pamoja navyo ikaondoka kumbukumbu ya ubovu wao. Mama alinyamaza kidogo, akasema: "Kweli, ile feni nilikuwa nimeisahau."

Hata hivyo siwezi kumwambia binti yangu kwamba wazee wanajidanganya, kwa sababu shaka yao ina msingi. Mwaka 1924 watengenezaji wakubwa wa balbu walikutana Geneva na kukubaliana kwamba balbu isiwake zaidi ya saa 1,000, na aliyetengeneza ya kudumu zaidi alitozwa faini. Kwa hiyo mzee anayesema kwamba vitu hufupishwa maisha kwa makusudi hazushi. Kosa lake ni kudhani kwamba jambo hilo lilianza juzi.

Mimi mwenyewe nilijifunza hasira hiyo kwa blenda. Niliinunua mjini, ikafanya kazi miezi saba, kisha bushi ya kisu ikaanza kuvuja na kupiga kelele. Kipuri chenyewe ni cha bei ya chai na chapati. Fundi wangu wa Igoma aliigeuza, akatafuta skrubu, akakuta kitako kimegandishwa kwa gundi. Kuifungua kulikuwa ni kuivunja. Alinirudishia akiwa na uso wa mtu aliyeshindwa kazi, ilhali aliyeshindwa hakuwa yeye. Hapo ndipo nilipoyakumbuka maneno ya nyanya yangu, na tangu siku hiyo swali langu la kwanza kuhusu chombo chochote, kipya au cha zamani, ni kama kinafunguka.

Fundi huyo huyo ndiye aliyenieleza kinachoua friji mpya za mji huu. Umeme hukatika na kurudi baada ya sekunde chache, wakati mgandamizo wa gesi ndani ya kompresa haujashuka, nayo hulazimishwa kuanza ikiwa imebanwa. Umeme ukiwa mdogo kuliko kawaida, mota huvuta mkondo mkubwa bila kuzunguka, na waya zake hupata joto hadi kuungua. Kompresa nene ya mwaka 1989 ilivumilia mengi. Zile mpya zinazobadili mwendo zenyewe hutumia umeme kidogo, lakini huongozwa na bodi ya elektroniki, na umeme unaorudi kwa kishindo huanza na bodi hiyo. Kwa sababu hiyo yeye hamfungii friza mpya mteja asiye na friji gadi, kifaa kinachosubiri dakika chache umeme utulie kabla ya kuupitisha. Nilimuuliza zipi ni bora, za zamani au za sasa. Alijibu kwamba yeye huzigawa kwa namna nyingine: zile ambazo kipuri chake kinapatikana Mwanza, na zile ambazo kipuri chake hakipatikani.

Jumamosi iliyofuata tulikwenda mjini sote wanne, mama, binti yangu, fundi na mimi. Binti yangu alisoma karatasi ya matumizi ya umeme iliyobandikwa kwenye kila friza na kuandika daftarini. Mama aligonga bati. Katika maduka mawili ya kwanza aliuliza kwa upole, "Mwanangu, hii ikiharibika bodi, nitaipata wapi?" na wauzaji wakamwonyesha tena rangi na taa ya ndani. Katika duka la tatu kijana aliingia stoo bila kusema neno, akarudi na bodi ndani ya boksi lake, akaiweka juu ya meza. Fundi alizunguka nyuma ya friza, akatoa bisibisi mfukoni, akaomba ruhusa, akafungua skrubu nne. Mama aliinama naye kuchungulia, mkono mmoja ukiwa begani mwa mjukuu wake, akataka aonyeshwe kompresa iko wapi.