WAR moja, seva mbili

Jana usiku hapa Kisumu nimehangaika na faili ya WAR (programu ya wavuti ya Java iliyofungwa kwa faili moja) mpaka saa saba, kwa laptop yangu yenye Tomcat 9 (seva ya kuendesha programu kama hizo) inafanya poa kabisa lakini nikiiweka kwa seva ya mteja yenye Tomcat 10 inakataa kuwaka, logi imejaa javax/servlet haionekani. Kumbe ni majina ya vifurushi vya Java tu! Tangu Jakarta EE 9 (viwango vya Java vya programu za seva) itoke 2020, javax.servlet iligeuka jakarta.servlet, na Tomcat 10 haitambui lile la zamani. Ukiwa na haraka tupa WAR kwa folda ya webapps-javaee, Tomcat yenyewe inaibadilisha halafu inaiweka kwa webapps. Imenisaidia lakini naona heri kubadilisha code yenyewe, ukiwa na muda.

Na jamani, paswadi ya database isikae ndani ya WAR. Acha seva ishike datasource (maelezo ya kuunganisha database), programu yako iitafute kwa JNDI (njia ya Java ya kutafuta kitu kwa jina), ila angalia vile jina linaanza: Tomcat ni java:comp/env/, WildFly (seva nyingine ya Java) mara nyingi ni java:jboss/datasources/. Mimi jina hilo nimelitoa kwa code kabisa.

Ukitumia EJB (vipande vya Java vya kazi za upande wa seva), Tomcat peke yake haina, nenda WildFly.