Piriti ya baba mkubwa

Baba mkubwa alifanya kazi miaka mingi kwenye kiwanda cha kuchenjua madini Kipushi, Kongo, hadi mgodi uliposimama 1993. Ndiye niliyemwomba anisikilize kabla sijakwenda mbele ya juri ya chuo. Ilikuwa 2022. Mwaka uliotangulia kampuni ya betri CATL ya China ilikuwa imetangaza betri yake ya sodiamu, na kazi yangu ya kumaliza masomo ilihusu anodi (ncha hasi za betri) za salfaidi za metali, yaani metali iliyoungana na salfa, kwa betri za aina hiyo.

Tuliketi uani kwake, Katuba, Lubumbashi, umeme umekatika kama kawaida. Nikaanza: sodiamu tunayo hata kwenye chumvi ya mezani, ila ioni yake, chembe yake yenye chaji, ni nene kuliko ya lithiamu. Grafiti, kaboni ya anodi za betri za lithiamu, inayopokea lithiamu vizuri, karibu inaikataa sodiamu. Salfaidi ya chuma inaipokea; kwa hesabu ya karatasini, gramu moja hubeba chaji ya miliampea-saa 894, wakati grafiti na lithiamu yake haivuki 372.

"Salfaidi gani hiyo ya chuma?"

"Piriti, baba."

Alicheka hadi akaweka kikombe chini. "Piriti njo tulikuwa tunatupa!" Akanionyesha kwa mikono: chokaa inamwagwa, povu linapanda na shaba, piriti inabaki chini na kwenda zake bwawani na matope.

Shida, nikaendelea, ni kuvimba. Sodiamu ikiingia, chembe inavimba kama maharage yaliyolowekwa. Ikitoka inasinyaa, mwisho inapasuka. Ndiyo maana zinatengenezwa ndogo mno na kuvikwa kaboni.

"Ndogo namna gani? Siye tulisaga mpaka mikroni 75."

"Nanomita 75. Gawanya zako kwa elfu."

Akakunja uso. Kinu gani hicho? Nikamwambia hakuna kinu: chumvi ya chuma na thiourea, kemikali yenye salfa, vinafungiwa na maji ndani ya chombo cha chuma cha pua, joto la nyuzi 200 hivi, na chembe zinajijenga zenyewe humo.

"Basi mumeacha madini, munapika." Lakini hakuniachia. Piriti ya mgodini ina arseniki, ina mabaki ya shaba. Nani ataisafisha, na kwa bei gani? Swali hilo lilizidi mengi niliyokuwa nimeyasoma. Usiku uleule nikaliandikia ukurasa mzima kwa tochi ya simu.

Juri hawakuligusa. Walitaka kujua tu kwa nini chaji nyingi hupotea kwenye mzunguko wa kwanza wa kuchaji na kutumia betri. Baba mkubwa, aliyekaa safu ya nyuma na suti yake ya kahawia, alitoka akilalamika kwamba maprofesa wale hawajawahi kushika povu.